Kazi Inayowangoja Vijana wa Skimu: Mshauri wa Mikopo



Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kila mtu anayajua maneno haya, lakini hayajamzuia mtu kukopa, wala si lazima yamzuie. Mkulima anayetaka kununua ng'ombe wa gredi, au mbolea ya kutosha, au bomba la kuleta maji nyumbani, mara nyingi hawezi kungoja mpaka fedha zote ziwe mkononi. Basi sikuja kuwaambia msikope. Nataka kusema neno juu ya kazi moja kubwa ambayo katika skimu nyingi haina mtu wa kuifanya, ingawa wako vijana wetu, wa kiume na wa kike, waliomaliza shule na ambao wangeweza kuifanya vema. Kazi hiyo ni ya mshauri wa mikopo.

Yafaa kwanza tuelewane maana ya jina hilo. Mshauri wa mikopo si mtu wa kukopesha fedha. Si mtoza madeni wala dalali. Ni mtu anayekaa na mkulima na mkewe mezani, kabla ya mkopo kuchukuliwa, akahesabu pamoja nao kama shamba lao linaweza kuulipa. Tena ni mtu anayerudi kukaa nao mambo yanapoharibika, akawaonyesha njia kabla hati ya shamba haijafika mnadani. Kazi yake ni kuhesabu, kusoma karatasi, na kusema kweli hata kama kweli hiyo haipendezi.

DENI NI JAMBO LA ZAMANI KATIKA SKIMU

Skimu zetu zenyewe zilizaliwa na deni. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, shabaha yake ilikuwa kuwapa ardhi familia kama 35,000. Lakini ardhi haikutolewa bure. Mkulima aliandikiwa mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30, na mkopo wa maendeleo wa kulipwa kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia sita na nusu. Kinangop, Ol Kalou, Lugari, Muhoroni na mahali pengine pengi, wazee wetu waliingia katika mashamba yao siku moja na deni lao.

Kwa wengi, chama cha ushirika kilikata fedha za mkopo katika malipo ya maziwa au ya mazao mengine. Njia hiyo ilikuwa nzuri mahali palipokuwa na mazao ya kukatwa. Palipokuwa hakuna, deni lilikua. Wengi walirudi nyuma katika malipo, na wako waliokufa kabla ya kupata hati, wakawaachia watoto shamba pamoja na deni lake. Wengi wa wazee hao hawakuwa wavivu. Walikosa mtu wa kuwaambia mapema kwamba hesabu ya mkopo na hesabu ya shamba hazikutani.

Siku hizi mikopo imekuwa mingi zaidi. Shirika la Fedha za Kilimo, yaani AFC, lipo tangu mwaka 1963. Benki ya Ushirika ilifungua milango yake mwaka 1968. Viko vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco, karibu kila soko. Tangu mwaka 2012 mtu ameweza kukopa kwa simu akiwa amelala kitandani, na mwishoni mwa mwaka 2022 Serikali ilianzisha Hustler Fund, nayo hukopwa kwa simu. Mahali pa kukopa pamezidi, lakini mahali pa kuuliza hapakuzidi. Hilo ndilo pengo ninalolisema.

KILA ZAO LINA KALENDA YAKE

Jambo la kwanza analopaswa kulijua mshauri ni kalenda ya shamba. Mwenye mkopo huhesabu kwa miezi, bali mkulima huhesabu kwa majira. Wasipopatanishwa, mmoja ataumia, na anayeumia huwa ni mkulima.

Tazameni mahindi ya nyanda za juu. Hupandwa Machi au Aprili, na aina zinazochukua muda mrefu hukaa shambani miezi sita hadi minane. Sasa mkulima akikopa fedha za mbegu na mbolea mwezi wa Machi, na karatasi ikisema aanze kulipa mwezi wa Aprili, atalipa kwa kitu gani? Mahindi yako chini ya udongo. Atauza mbuzi, kisha kuku, na vikiisha atakopa kwa simu ili alipe Sacco.

Tufanye hesabu ya mkopo huo wa simu. Tuseme amekopa shilingi 7,000, na anatozwa shilingi 75 kwa kila 1,000 kwa siku 30. Hiyo ni shilingi 525 kwa mwezi. Yaonekana ndogo. Lakini kwa kuwa hana mazao ya kuuza, kila mwezi analipa na kukopa tena siku ile ile. Baada ya miezi saba amelipa shilingi 3,675, na bado anadaiwa 7,000 zake zile zile. Kwa mwaka mzima mkopo wa namna hii ungemgharimu shilingi 90 kwa kila 100. Hakuna gunia la mahindi linaloweza kubeba mzigo huo.

Mwenye ng'ombe wa maziwa ana kalenda nyingine. Yeye hulipwa kila mwezi, kwa hiyo kulipa deni kila mwezi kunamfaa. Lakini kila ng'ombe hukaushwa kama miezi miwili kabla ya kuzaa, na katika miezi hiyo hula bila kuleta senti moja. Mwenye majani ya chai hupata malipo ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Mwenye miwa hungoja zaidi ya mwaka mzima kabla ya kukata, na wakati mwingine hungoja tena kiwandani. Mshauri anayezijua kalenda hizi atamwambia mkulima: "Mkopo huu si mbaya, lakini nenda uombe uanze kulipa mwezi wa Desemba." Neno hilo moja laweza kuokoa shamba. Wakopeshaji wengine hukubali, lakini asiyeomba hapewi.

HESABU YA NG'OMBE MMOJA

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika ofisi ya kilimo, na hesabu ifuatayo ingeweza kufanywa na mtoto wa darasa la nane. Ichukueni kama mfano tu, kisha wekeni bei za kwenu.

Bwana na bibi wanataka kukopa shilingi 100,000 wanunue ng'ombe, walipe kwa miaka miwili. Ng'ombe atawaletea lita 10 za kuuza kila siku, kwa shilingi 50 kila lita. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Chakula, dawa na usafiri wa maziwa ni shilingi 8,000. Kinachobaki ni shilingi 7,000 kila mwezi. Kwa miezi kumi ya kukamua watapata shilingi 70,000. Katika miezi miwili ya kukaushwa watatumia shilingi 4,000 kila mwezi kumlisha, jumla 8,000. Basi kwa mwaka ng'ombe ameleta shilingi 62,000.

Sasa wanakwenda kwa mkopeshaji wa kwanza. Anasema riba yake ni asilimia 12 kwa mwaka. Wanakwenda kwa wa pili, naye pia anasema asilimia 12. Wanadhani ni sawa. Hawakuuliza riba hiyo inahesabiwa juu ya nini.

Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba juu ya shilingi 100,000 zote mpaka siku ya mwisho, ijapokuwa deni linapungua kila mwezi. Riba yake ni shilingi 24,000 kwa miaka miwili. Kila mwaka watalipa shilingi 62,000 kamili. Ng'ombe ameleta 62,000, na zote zimekwenda kwa deni. Hapakubaki hata senti ya chumvi.

Mkopeshaji wa pili anahesabu riba juu ya deni lililobaki tu. Riba yake kwa miaka miwili ni kama shilingi 13,000. Kila mwezi watalipa kama shilingi 4,707, na kwa mwaka kama 56,500. Hapo nyumba imebakiwa na shilingi 5,500 kila mwaka. Asilimia ni ile ile kwa maneno, lakini tofauti ya riba kwa miaka miwili ni shilingi 11,000.

Na hapo tumemfanya ng'ombe asipunguze maziwa tangu siku ya kwanza hadi ya kukaushwa, wala asiugue, jambo ambalo kila mfugaji anajua si kweli. Basi mshauri mwema, akiisha kufanya hesabu hii, angewaambia bwana na bibi wamkimbie mkopeshaji wa kwanza. Na juu ya yule wa pili angewaambia: "Kopeni shilingi 60,000 mnunue mtamba, mkaongeze akiba yenu kidogo, au mngoje." Afisa wa kukopesha ana kazi yake, nayo ni ya halali, lakini si kazi yake kuwaambia mngoje.

SHERIA ANAYOPASWA KUIJUA

Mshauri si wakili, wala asijifanye wakili. Lakini yako mambo machache ya sheria ambayo kila mwenye hati ya shamba angepaswa kuambiwa kwa lugha anayoielewa.

Kwanza, shamba la kilimo haliwekwi rehani kimya kimya. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, lazima Bodi ya Ardhi itoe idhini. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila kibali cha mwenzi wa ndoa. Akina mama, kalamu hiyo iko mkononi mwenu. Msitie sahihi karatasi msiyosomewa.

Pili, mtu akishindwa kulipa, shamba haliuzwi kesho yake. Sheria hiyo ya mwaka 2012 yasema kwamba baada ya mwezi mmoja wa kuchelewa, mwenye mkopo hutoa notisi ya siku 90. Deni lisipolipwa, hutoa notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Siku hizo si za kuficha barua chini ya godoro. Ndizo siku za kwenda ofisini na kuomba malipo yapangwe upya. Mkulima anayekwenda mwezi wa kwanza husikilizwa. Yule anayekwenda siku ya mnada hukuta watu wamekwisha simama shambani kwake.

Tatu, riba ya benki ina kikomo. Kwa kifungu kilichoongezwa katika Sheria ya Mabenki na kuanza kutumika mwaka 2007, mkopo wa benki ukiisha kuharibika, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati ule. Wako watu waliodaiwa zaidi ya hapo kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwahesabia.

Nne, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia simu jamaa na rafiki zake ili kumtia aibu. Benki Kuu huchapisha majina ya wale waliopewa leseni. Asiyekuwamo katika orodha hiyo ni wa kuepukwa.

Tano, ziko zile ofisi za kumbukumbu za wakopaji ambazo wengi huziita CRB. Kila mtu ana haki ya kupata nakala moja ya kumbukumbu zake bila malipo kila mwaka. Kosa likiwamo, husahihishwa. Lakini habari ya kweli ya deni lililoharibika hukaa miaka mitano baada ya deni kulipwa. Kwa hiyo mtu akija skimuni akisema, "Nipe shilingi 3,000 nifute jina lako," huyo ni mwizi, mfukuzeni.

NI KIJANA GANI ANAYEFAA?

Sasa naja kwa vijana, na kwa wazazi wao pia. Kila mwaka mtoto amalizapo shule hutazama mjini. Akirudi kutoka mjini bila kazi, huona haya, hujificha, au hukaa sokoni na pikipiki ya mtu mwingine. Mimi sidharau kazi yoyote ya halali. Nasema tu kwamba hapa nyumbani iko kazi inayohitaji kichwa, na heshima yake si ndogo.

Kijana anayefaa si lazima awe wa kwanza darasani. Awe anaweza kuzidisha na kugawanya bila kukosea, na kuandika mwandiko unaosomeka. Ajue lugha ya wazee wa skimu yake, aweze kuketi na mzee bila kumpazia sauti. Zaidi ya yote, ajue kunyamaza. Kijana anayetoka nyumba hii akaeleza katika nyumba ile kwamba fulani anadaiwa, huyo kazi hii haimfai hata akiwa na shahada tatu. Wala haifai kwa mtu mwenye duka la kukopesha, au anayepewa bakshishi na kampuni kwa kila mteja anayempeleka.

Aanze namna gani? Yako mambo manne, na yafaa yafuatane.

La kwanza, ajifunze vitabu vya hesabu katika chama. Aende kwa katibu wa ushirika wa maziwa au wa Sacco, aombe kusaidia kuandika daftari, hata kama malipo ni ya chai tu kwa msimu mmoja. Hapo ataona jinsi fedha za mkulima zinavyoingia na kutoka, na kwa nini malipo ya Januari hayafanani na ya Juni. Ataona pia jinsi mdhamini anavyopoteza akiba yake kwa ajili ya deni la rafiki.

La pili, atembee na Bwana Shamba au Bibi Shamba. Mtu asiyejua ekari moja inahitaji mifuko mingapi ya mbolea hawezi kujua kama mkopo wa mbolea ni mkubwa mno. Ajue bei, ajue mavuno ya kawaida ya skimu yake, na ajue mavuno ya mwaka mbaya. Hesabu ya mkopo ifanywe kwa mwaka mbaya, si kwa mwaka mzuri.

La tatu, asome. Chuo cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1952 huko Kabete, ni Chuo Kikuu cha Ushirika tangu mwaka 2016, nacho hufundisha mambo ya ushirika na fedha zake. KASNEB, baraza lile la mitihani ya wahasibu, lina mtihani wa wataalamu wa mikopo. Mtu anaweza kuanza na cheti na kuendelea polepole huku akifanya kazi. Lakini nasema wazi: cheti bila daftari la chama na bila matope ya shamba hakitamfikisha mbali. Mkulima humjua upesi mtu aliyesoma mkopo lakini hajui msimu.

La nne, achukue nyumba kumi. Si mia. Nyumba kumi za jirani zilizokubali kwa hiari, azitembelee tangu kupanda mpaka kuvuna. Katika kila nyumba wafungue daftari moja: ukurasa wa kushoto fedha zilizoingia, wa kulia zilizotoka, na nyuma madeni yote, hata lile la dukani la sukari. Mwisho wa msimu nyumba hizo kumi zitasema kama amewafaa. Wakisema ndiyo, hao ndio barua yake ya sifa, na jirani zao watamwita wenyewe.

NANI ATAMLIPA?

Hapa ndipo penye shauri kubwa, na hapa nina msimamo. Mshauri asilipwe na mkopeshaji. Asipate hata shilingi moja kwa kila mkopo unaochukuliwa. Mtu anayelipwa wewe ukikopa hatakuambia usikope, hata akiwa mtu wa kanisa au wa msikiti. Hivyo ndivyo binadamu alivyo.

Basi alipwe na wakulima. Vyama vingi vya ushirika hutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya kuwafundisha wanachama. Katika vyama vingine fedha hizo huishia katika safari za kamati na soda za mkutano. Chama chenye wanachama 600 kikikata shilingi 30 kwa mwezi kwa kila mwanachama, kitapata shilingi 18,000 kila mwezi. Hizo si fedha nyingi, lakini kijana anayeishi kwao na mwenye bustani yake anaweza kuanza nazo. Vyama viwili vya jirani vikishirikiana, ni kazi kamili. Shilingi 30 haifiki bei ya lita moja ya maziwa katika mfano wetu wa juu, na katika mfano huo huo tuliona shilingi 11,000 zikiokolewa kwa swali moja tu.

YANAYOSEMWA KUPINGA

Wako watakaosema, "Sisi tunaye Bwana Shamba, atatushauri." Ni kweli, wako maafisa wenye bidii. Lakini kilimo kikiwa chini ya kaunti tangu mwaka 2013, afisa mmoja huwa na eneo kubwa na kazi nyingi. Ana magonjwa ya mifugo, ana wadudu wa mahindi, ana mikutano. Hawezi kukaa saa mbili na daftari la kila nyumba. Mshauri atampunguzia mzigo, hatamwondoa.

Wengine watasema, "Mkulima hatamwonyesha kijana madeni yake." Neno hili lina uzito, na sitalipuuza. Deni ni jambo la aibu kwetu. Wako wanaume ambao wake zao hawajui kiasi wanachodaiwa, na wako wanawake wenye mikopo ya vikundi isiyojulikana na waume zao. Lakini tazameni matokeo ya kuficha. Siri ya deni hutangazwa siku moja na dalali, kwa kipaza sauti, mbele ya watoto. Ni heri kumwambia mtu mmoja anayejua kunyamaza kuliko kungoja soko zima liambiwe. Na chama kiweke sharti: mshauri akitoa siri ya nyumba, atoke siku hiyo hiyo.

Wengine tena watasema, "Kijana huyo akitushauri vibaya, tutapata hasara." Yawezekana. Kwa sababu hiyo asipewe fedha za mtu kushika, asitie sahihi kwa niaba ya mtu, wala asiamue kwa ajili ya mtu. Yeye huhesabu na kueleza, uamuzi ni wa wenye shamba. Daftari libaki nyumbani kwao, si kwake.

NENO LA MWISHO

Dawa ya deni ni kulipa, husemwa kila siku. Lakini kila dawa ina kipimo chake, na mgonjwa hajipimii mwenyewe akiwa na homa. Mkulima aliyebanwa na karo ya shule na bei ya mbolea katika wiki moja hawezi kukaa kimya na kuhesabu kama anavyoweza akiwa na mtu kando yake.

Kwa hiyo, ninyi wanakamati, mkutano mkuu ukikaribia, andikeni shauri hili katika ajenda. Ulizeni fedha za mafunzo za mwaka jana zilitumika wapi. Ninyi wazazi, mwenye mtoto hodari wa hesabu na mpole wa maneno asimsukume mjini kabla ya kumpeleka kwa katibu wa chama. Nawe kijana, usingoje tangazo la kazi. Nunua daftari moja, uanze na nyumba ya baba na mama yako: andika kila wanachodaiwa, na tarehe ya kila malipo, na zao litakalolipa. Ukimaliza daftari hilo bila kudanganya wala kukasirika, umekwisha anza kazi.